Mama, kijitabu cha kliniki kiko wapi?

 

Leo sitaweka neno fupi la asubuhi kama mlivyozoea. Nina jambo ambalo limenilemea moyoni tangu Jumapili mbili zilizopita, na nimeliombea kabla ya kuliandika. Ni refu. Kama una mtoto mchanga, una mjukuu, au una dada anayetarajia, tafadhali soma mpaka mwisho. Kama wewe ni mtumishi wa Mungu kama mimi, soma mara mbili.

Baada ya ibada ya pili, dada mmoja alikuja mbele na mtoto wake wa miezi mitano. Amenipa ruhusa niyaeleze haya bila kumtaja jina. Alisema mtoto ana homa na hanyonyi vizuri, akaomba nimwekee mikono. Nikaomba, watu wakasema Amina. Nilikuwa tayari kumgeukia aliyefuata kwenye foleni. Lakini Mama Mchungaji alikuwa amesimama kando yangu, na macho yake hayakutoka kwenye kifua cha yule mtoto. Akafunua shali. Kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea kuingia ndani. Akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima. Zilikuwa sitini na zaidi.

"Baba," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu anahitaji hospitali sasa hivi. Tusingoje sadaka."

Tulimkimbiza kwa gari la mzee mmoja wa kanisa. Akawekewa oksijeni. Ilikuwa nimonia kali. Nashukuru Mungu na nawashukuru wauguzi, kwa sababu leo mtoto yuko nyumbani, ananyonya na anacheka. Amina? Amina.

Lakini sikuja kutoa ushuhuda tu. Muuguzi alipoomba kijitabu cha mama na mtoto, yule dada alikitoa kwenye mkoba. Kilikuwa safi, kimefungwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni. Ukurasa wa chanjo ulikuwa umejazwa mstari wa kwanza tu, zile za kuzaliwa. Wiki ya sita, hakuna. Wiki ya kumi, hakuna. Wiki ya kumi na nne, hakuna. Tulipoketi kwenye benchi la nje nikamuuliza kwa upole, "Dada, ilikuwaje?" Akainama. Kisha akasema, "Pasta, si ni wewe ulituhubiria mwezi wa kwanza kwamba tusiweke tumaini letu kwa mwanadamu? Na kuna klipu ya sauti ilikuja kwenye kikundi ikisema hizi sindano ni mbaya. Nikaona Mungu amenithibitishia mara mbili."

Wapendwa, nilikosa la kusema. Mimi nimezoea kuwa na neno la kumwambia kila mtu, lakini kwenye lile benchi sikuwa nalo.

Ni kweli nilihubiri kutoka Yeremia 17. Nilikuwa nikizungumza na watu wanaokimbilia waganga, na wale wanaomwona mwanasiasa kama mwokozi. Sikufikiria kliniki hata kidogo. Lakini mhubiri hapimwi kwa alichokusudia peke yake. Anapimwa pia kwa kile kondoo walichobeba kwenda nacho nyumbani. Mama mmoja alibeba neno langu akaliunganisha na uvumi wa simu, na mtoto karibu alipe gharama. Kwa hiyo leo, hapa hadharani, kama nilivyohubiri hadharani, nasema: nilipaswa kufafanua na sikufafanua. Nisameheni. Na sasa nafafanua.

KWANZA, TUJUE ADUI NI NANI.

Kuna bakteria anayeitwa nimokokasi. Hukaa puani na kooni, hasa kwa watoto wadogo, na mara nyingi hamsumbui anayembeba. Hupita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kwa chafya, kikohozi na mate. Ndiyo kusema anaweza kupita hapo hapo kwenye darasa la Sunday School, au kwenye chumba kimoja ambamo familia ya watu sita inalala. Akiteremka mapafuni, huleta nimonia. Akiingia kwenye damu, huisambaza sumu mwili mzima. Akifika kwenye utando wa ubongo, ndiyo ile homa ya uti wa mgongo inayoweza kuua kwa muda mfupi, au kumwacha mtoto hai lakini kiziwi, au mwenye kifafa, au aliyepooza.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 nimonia za aina zote ziliua zaidi ya watoto 700,000 walio chini ya miaka mitano. Sisi wachungaji hatuhitaji takwimu ili tuamini hilo. Sisi ndio tunaoitwa saa nane za usiku. Sisi ndio tunaosimama mbele ya jeneza dogo ambalo mtu mmoja analibeba peke yake, na tunatafuta maneno.

Chanjo ya bakteria huyu ndiyo ile iliyoandikwa PCV kwenye kijitabu chako. Huku mitaani tunaiita chanjo ya nimonia. Hutolewa mara tatu: wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Ni sindano ya pajani. Kwenye vituo vya serikali ni bure.

PILI, TUTAZAME MATUNDA.

Bwana Yesu alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake. Basi tutazame matunda ya mti huu, na hatuhitaji kwenda mbali. Twende Kilifi.

Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo hii mapema mwaka wa 2011. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na washirika wao wa Wellcome Trust walikuwa tayari wamefuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi, wakipima damu za watoto waliolazwa katika hospitali ya kaunti. Kwa hiyo walijua hali ilivyokuwa kabla ya chanjo, na wangeweza kuilinganisha na hali ya baadaye. Chanjo ilipofika, Kilifi ilifanya kampeni ya kuwachanja hata watoto wakubwa kidogo, wote walio chini ya miaka mitano.

Kati ya mwaka wa 1999 na 2010, kabla ya chanjo, kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano, takriban 61 kila mwaka walipatikana na ugonjwa mkali unaoletwa na zile aina za nimokokasi zilizo ndani ya chanjo. Hapo nasema bakteria aliyekutwa kwenye damu au kwenye maji ya uti wa mgongo. Kati ya mwaka wa 2012 na 2016, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi takriban 3. Kutoka 61 hadi 3. Ni upungufu wa zaidi ya asilimia 90. Na watoto waliolazwa kwa nimonia inayoonekana kwenye picha ya eksirei walipungua karibu nusu.

Sasa sikiliza jambo lililonigusa zaidi mimi kama mchungaji. Ugonjwa huo ulipungua pia kwa watu ambao hawakuchanjwa. Ulipungua kwa watoto wachanga wa chini ya miezi miwili, ambao umri wao wa kuchanjwa kikamilifu haujafika. Ulipungua kwa watoto wakubwa na kwa watu wazima. Kwa nini? Kwa sababu mtoto aliyechanjwa hapati nafasi kubwa ya kumbeba yule bakteria puani na kumpelekea shosho, au mdogo wake aliyezaliwa juzi, au jirani anayeishi na virusi vya UKIMWI. Unapompeleka mtoto wako kliniki, unamlinda pia mtoto wa mama ambaye hujawahi kukutana naye.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, ajenge ukuta mdogo kuzunguka paa, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Paa zao zilikuwa bapa, watu walipumzika huko, watoto walicheza huko. Mungu angeweza kuwaahidi kwamba malaika watamdaka kila anayeanguka. Badala yake aliwaambia wachukue mawe wajenge. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba aliyejenga ule ukuta alikosa imani. Alikuwa akimtii Mungu kwa mikono yake.

Chanjo ni ukuta wa paa. Ukishamwona mtoto ameanguka, umechelewa kujenga.

TATU, MASWALI MNAYONIULIZA.

Tangu Jumapili ile nimepokea jumbe nyingi. Nijibu yale yanayojirudia.

"Mchungaji, je, kuchanja si kukosa imani?" Soma habari za Hezekia katika 2 Wafalme 20. Mungu mwenyewe alikuwa ameshatamka kwamba mfalme atapona na ataongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imetoka mbinguni. Bado nabii Isaya aliagiza tini ziletwe zikawekwe kwenye jipu. Isaya hakuona ugomvi kati ya unabii na dawa. Luka, aliyetuandikia Injili na Matendo, alikuwa tabibu, na Paulo alimpenda na kusafiri naye. Na Ibilisi alipomwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika wangemshika, Yesu alikataa. Kuna imani, na kuna kumjaribu Mungu. Tusivichanganye.

"Hizi sindano si njama ya kutumaliza kizazi?" Ndugu yangu, watoto waliochanjwa mwaka wa 2011 si watoto tena. Njoo kanisani kwetu uwaone. Ndio hao wanaopiga ngoma na gita kwenye sifa, wamekuwa warefu kuliko baba zao.

"Wazungu wanatufanyia majaribio?" Hapa nataka tufikiri vizuri. Marekani ilianza kuwachanja watoto wake dhidi ya bakteria huyu mwaka wa 2000. Sisi tulianza mwaka wa 2011. Miaka 11! Ilikuwa mpaka nchi kama Italia, Uingereza, Kanada, Urusi na Norwe, pamoja na Wakfu wa Bill na Melinda Gates, zilipoahidi dola bilioni 1.5 ndipo watengenezaji wakapata sababu ya kutengeneza za kutosha kwa nchi maskini kwa bei nafuu. Kama kuna dhuluma ya kuililia hapa, ni kwamba watoto wa matajiri walilindwa kwanza huku wetu wakingoja. Sasa imefika mlangoni kwetu bila malipo, halafu sisi wenyewe tuifungie mlango?

"Mtoto wangu alichanjwa na bado akapata nimonia." Ni kweli, inatokea, na sitakudanganya. Nimonia huletwa na vimelea vingi: bakteria wengine, virusi, na hata aina za nimokokasi ambazo hazimo kwenye chanjo, kwa kuwa aina zake zimepita 90. Ukuta wa paa hauzuii mtu kuteleza sebuleni. Lakini umeziba ule upande uliokuwa ukiua wengi. Kwa hiyo chanja, kisha endelea kunyonyesha, maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, na usimlaze mtoto jikoni penye moshi wa kuni au makaa.

"Mtoto alipata homa baada ya sindano." Wengi hupata homa kidogo, paja huuma, hulia zaidi siku hiyo au siku ya pili. Hupita. Uliza muuguzi umpe nini. Ukiona jambo lisilo la kawaida, mrudishe kituoni upesi. Hakuna anayekukataza kuuliza.

"Nilichelewa, nitagombezwa." Mama, nenda hivyo hivyo. Kama mlango wa kliniki una muuguzi mkali, tuambie, tutakusindikiza. Kugombezwa dakika mbili ni nafuu kuliko kulia maisha yako yote. Wao ndio watakaokuambia ni dozi zipi bado mtoto anaweza kupata.

NNE, TUSIKWEPE JAMBO ZITO.

Nimetaja Kilifi kwa shukrani. Lakini sote tunajua jina la kaunti hiyo lilitajwa ulimwenguni kote mwaka wa 2023 kwa jambo lingine. Kule msitu wa Shakahola ilifukuliwa zaidi ya miili 400, mingi yake ya watoto. Kaunti moja. Upande mmoja, watu wa sindano na darubini, na watoto wakaishi. Upande mwingine, watu walioambiwa waache shule, waache hospitali, waache chakula, kwa jina la Yesu.

Nimesikia watumishi wakisema, "Sisi si kama wale." Nami nilisema hivyo. Lakini nilipokuwa kwenye lile benchi nilitambua kwamba umbali kati ya mahubiri ya kizembe na kaburi dogo si mrefu kama tunavyojifariji. Hakuna haja ya kumwambia mtu asiende hospitali ili asiende. Inatosha kushangilia kila uponyaji wa madhabahuni na kunyamaza kuhusu kliniki. Washirika husikia pia kimya chetu, na hukitafsiri.

Msimamo wangu ni huu, na asiyekubaliana nami tuzungumze kwa upendo: mchungaji anayewawekea watoto mikono na hawaulizii chanjo anafanya nusu ya kazi. Uponyaji ninauamini. Nimeuona. Nitaendelea kuomba na kupaka mafuta mpaka Bwana aniite. Lakini mtoto ambaye hakuugua kabisa kwa sababu mama yake alipanda boda akaenda kliniki wiki ya sita, huyo naye ni jibu la maombi. Hatoi ushuhuda kwa sababu hajui alichoepushwa.

TANO, TUTAKALOLIFANYA KANISANI KWETU.

Kuanzia mwezi ujao, wazazi wakileta mtoto kuwekwa wakfu, tutawaomba waje na kijitabu cha kliniki. Nieleweke vizuri: hakuna mtoto atakayerudishwa. Mtoto ni wa Bwana hata kama kijitabu kimepotea. Tutakiomba ili tujue nani anahitaji kusaidiwa. Tunao dada wauguzi katika ushirika wetu, na tunao wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka mitaani. Wameshakubali kukaa kwenye meza pale nje kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Aliyepungukiwa na nauli, ofisi ya mashemasi itampa. Tumekuwa tukichanga maelfu kwa M-Pesa kulipa bili za hospitali na za mazishi. Nauli ya kwenda kuchanja ni pesa kidogo sana.

Akina baba, msijifiche. Kijitabu hicho kinaitwa cha mama na mtoto, lakini mtoto ni wako pia. Tarehe za wiki ya 6, 10 na 14 ziandike kwenye simu yako kama unavyoandika siku ya mechi.

Na kila mmoja wetu akariri dalili hizi. Mtoto anahema mbio. Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Hawezi kunyonya au kunywa. Amelegea haamki vizuri. Ana degedege. Ukiona hata moja, usingoje ibada ya jioni, usingoje kesha la Ijumaa. Nenda hospitali, na unipigie simu ukiwa njiani. Nitakuombea ukiwa njiani. Mungu husikia hata ndani ya matatu.

Neno moja kwa viongozi wetu pia. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama ya chanjo hii imelipwa na wafadhili kupitia Gavi, huku serikali ikilipa sehemu yake, na sehemu hiyo inaongezeka mpaka tutakapolipa yote wenyewe. Hilo ni jambo la heshima kwa taifa. Lakini miaka ya hivi karibuni tumeona akina mama wakifika vituoni na kuambiwa chanjo fulani za watoto zimeisha, warudi wiki nyingine. Mama aliyetembea kilomita nyingi na mtoto mgongoni hatarudi mara tatu. Mheshimiwa, unapokuja kanisani kwetu na bahasha ya harambee, tutakushukuru. Tutakuuliza pia kama friji ya zahanati ina chanjo.

Nimalizie kwa yule dada. Jumapili iliyopita alikuja tena mbele. Mtoto alikuwa mgongoni amelala. Hakuja kuombewa. Alifungua mkoba, akatoa kile kijitabu kwenye karatasi yake ya nailoni, akanionyesha mstari mpya ulioandikwa kwa kalamu ya bluu, tarehe ya wiki hiyo hiyo. Akasema, "Pasta, nimeanza." Nikalia, naye akalia.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, asante kwa watoto uliotukabidhi. Utusamehe sisi wachungaji tuliposema nusu ya neno. Bariki mikono ya wauguzi wetu na akili za watafiti wetu. Mpe kila mama ujasiri wa kufika kliniki, na umfiche kila mtoto chini ya mbawa zako. Tunaomba tukiamini. Amina.

Ukipenda, andika Amina hapa chini. Lakini kabla ya hapo, simama, nenda kwenye kabati, utafute kile kijitabu. Tazama ukurasa wa chanjo. Kama kuna mstari mtupu, kesho asubuhi unajua pa kwenda.

Mchungaji wenu, awapendaye.